Jaketi la kuazima siku ya ukaguzi, na maswali mengine ya boti

Nina boti ya faiba ya watu wanane. Jumapili nawapeleka familia Mbudya tu. Lazima niwe na majaketi okozi manane? (Kunduchi)

Lazima. Swali hili naletewa kila msimu wa likizo, mara Mbudya, mara Bongoyo, mara Changuu, na kila muulizaji anadhani kisiwa chake kina msamaha maalumu. Najua Mbudya unaiona ukiwa umekaa ufukweni. Abiria wa MV Nyerere nao walikuwa wakiiona Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko kilipinduka kikikaribia gati, kimebeba zaidi ya maradufu ya watu 101 kilioruhusiwa, na waliokufa walizidi 220.

Jaketi moja kwa kila aliyemo, wewe nahodha ukiwemo, na ya watoto yawe ya watoto. Jaketi la mtu mzima humpanda mtoto hadi masikioni, mwenyewe akachomoka kwa chini. La kwake liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Na boti ikiwa ya wanane, shangazi aliyechelewa kufika na sufuria lake la pilau habebwi, hata akinuna mwezi mzima.

Dukani majaketi yameandikwa 50, 100 na 150. Nichukue lipi kwa watalii wa Kisite? (Shimoni)

Usishuke chini ya 100, na ukitoka nje ya mwamba nunua 150. Hizo ni newton, kipimo cha nguvu ya kuelea. La 50 ni la mtu anayejua kuogelea, karibu na ufukwe, penye mtu wa kumfuata. Akizimia halitamgeuza uso ukatazama juu. La 100 ni la maji yaliyotulia. Lisilo na namba yoyote liache hapo hapo lilipotundikwa, hata likiwa na rangi ya kupendeza namna gani.

Ukishanunua, livae uingie majini hadi kifuani, kisha nyanyua miguu. Kama mabega ya jaketi yanakuzibia uso, halikutoshi.

Mkaguzi anakuja wiki ijayo, majaketi yangu yamechakaa. Jamaa yangu ana mapya. Niazime siku hiyo tu? (Nungwi)

Ndugu yangu, umekosa wa kumuuliza ukaja kwangu?

Mchezo huu unajulikana pwani nzima. Majaketi yale yale, nailoni ya dukani bado haijatolewa, yanashuka boti hii yanapanda ile, yanamtangulia mkaguzi kwa hatua ishirini. Mtungi wa kuzimia moto nao unafuata nyuma. Jioni vyote vinarudi kwa mwenyewe, na vyombo vitano vina cheti kwa vifaa vya chombo kimoja. Na wakaguzi wengine, tusioneane haya, wanahesabu tu. Hawafungui hata buckle moja kuona kama imekatika, hawavuti mshono, hawamwambii nahodha awashe taa zake za usiku. Mkaguzi anayeazimiwa majaketi anajitakia.

Ila hata wenye majaketi yao halali wana ugonjwa wao. Wakishapata cheti wanayatia kwenye sanduku la chini ya kiti, wanatia kufuli yasiibiwe, na juu yake wanaweka kreti ya soda na dumu la mafuta. Boti ikilala ubavu una dakika ngapi za kutafuta ufunguo? Vaeni kabla ya kung'oa nanga. Mtalii akisema anasikia joto, mwambie hata wewe unasikia joto.

Wewe ni mtu wa Nungwi. Mwaka 2011, usiku wa kuamkia Septemba 10, MV Spice Islander ilizama kwenye bahari hiyo hiyo unayoitazama asubuhi, na kuna waliopona kwa kung'ang'ania magodoro. Wazee wa hapo hawajasahau. Waulize kama jaketi la kuazima lingewafaa.

Huna pesa za majaketi kumi? Nunua sita, beba abiria watano na wewe mwenyewe. Mwambie mkaguzi aandike hiyo idadi.

Nina simu mbili na mitandao yote. Redio ya VHF ya nini? (Kilifi)

Simu inampigia mtu mmoja, ambaye huenda yuko bafuni. Ukiita kwenye redio chaneli 16 wanakusikia wote walio karibu wenye redio iliyowashwa: boti ya uvuvi iliyo maili mbili kutoka kwako, meli inayoingia Mombasa, na vituo vya uratibu wa uokoaji vya Mombasa na Dar es Salaam ukiwa ndani ya masafa yao. Walio karibu ndio watakaokufikia mapema.

Redio ya mkononi haifiki mbali, maana antena yake iko chini, lakini kwa boti ndogo inatosha kumpata jirani. Chagua isiyoingia maji, ichaji usiku wa kuamkia safari. Ukiita, sema Mayday mara tatu, jina la chombo, mahali ulipo, kilichokupata na idadi ya watu. Mahali kwanza kabla ya hadithi. Simu zako zitie kwenye mfuko usiopitisha maji uje nazo pia.

Mtungi wa kuzimia moto wa gari unafaa kwenye boti? (Tanga)

Mdogo mno, na chumvi inaula. Nunua wa unga uliotengenezwa kwa matumizi ya baharini, tazama mshale uko kwenye kijani, na usiufunge kando ya injini: moto ukianza hapo utaufikiaje? Hukuuliza, lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kujikusanya kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti. Fungua vifuniko, nusa, ndipo uwashe. Dumu lijazwe likiwa nchi kavu. Na sigara ya utingo ibaki huko huko.

Ile kamba nyekundu ya kuzimia injini inanikera mguuni. Naweza kuifunga kwenye kiti? (Mwanza)

Kiti hakianguki majini. Wewe ukianguka, injini inaendelea, boti inazunguka, na inarudi ulipo pamoja na propela yake. Ifunge mguuni.

Boti yangu ina cheti cha TASAC, wale wasimamizi wa vyombo vya majini Tanzania Bara. Naweza kuvuka nayo hadi Unguja? (Kigamboni)

Soma cheti chako kwanza kinakuruhusu kwenda wapi. Wengi wanakitia kwenye fremu bila kukisoma. Zanzibar ina Mamlaka yake ya Usafiri Baharini, ukifika huko uko chini ya kanuni zao, kwa hiyo waulize kabla ya kuondoka. Kuvuka kilomita 70 hivi si sawa na kuzunguka Bongoyo: utahitaji injini ya pili, mafuta ya akiba, dira, upo wa kuchotea maji yanayoingia hata kama una pampu, na mtu wa bara aliyeandikiwa saa utakayofika ili ukichelewa apige kelele. Kusi la Julai likivuma, boti ya futi 18 ibaki Kigamboni na wewe upande feri.

Fataki zangu za dharura zimepita tarehe. Tuzirushe kwenye harusi ya kaka? (Lamu)

Hapana. Kuna mtu ataacha futari yake kuja kukutafuta baharini. Zipelekeni kwa mamlaka ziharibiwe, na kaka mnunulieni taarabu.