Mkutubi ametutoka, daftari limebaki

Maswali ya wasomaji na majibu

Safari hii barua nne za Tabora na moja ya Kigoma zimegusa jambo moja: namna ya kumkumbuka mtu aliyetunza maktaba ya shule. Tumezijibu pamoja.

SWALI: Shikamooni. Sisi ni wanafunzi wa zamani wa sekondari moja hapa mjini. Mama wa maktaba wetu amefariki, na familia imetuomba tuandae wasifu wa kusomwa siku ya arobaini. Kila tunayemuuliza anasema "alikuwa mpole, alipenda vitabu", basi. Mengine tutayapata wapi? (Mwanafunzi wa zamani, Isevya)

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba.

Upole na kupenda vitabu ni sifa za kila mkutubi, ndiyo maana hazimwonyeshi huyu wenu. Kabla ya kuzunguka kwa watu, nendeni maktaba. Mwombeni mkuu wa shule ruhusa ya kufungua rejista ya vitabu, lile daftari kubwa ambamo kila kitabu kinachoingia hupewa namba. Kwa kawaida lina safu za namba, tarehe ya kupokelewa, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, bei, kilikotoka, na ya mwisho ni ya maelezo. Pekueni hadi mwandiko ubadilike uwe wake. Hapo ndipo alipoanzia kazi, hata kama barua ya ajira haionekani tena. Ukikoma, msikimbilie kuandika kwamba alistaafu. Fungueni kurasa tatu nne za mbele, huenda alikuwa likizo ya uzazi au masomoni, na mwandiko ukarudi.

Kisha hesabuni. Tuseme namba yake ya kwanza ni 2,140 na ya mwisho 6,873: toeni, ongezeni moja, mnapata vitabu 4,734. Punguzeni namba zilizorukwa na zile zilizoandikwa na mtu mwingine katikati. "Aliandikisha kwa mkono wake vitabu 4,734" ni sentensi ambayo hata mtu asiyewahi kuingia maktaba ataielewa.

Safu ya maelezo ndiyo tamu kuliko zote, na wengi huiruka. Humo utakuta "kimepotea" kwa wino mwekundu, limepigwa mstari, na pembeni "kimerudi" na tarehe ya miaka kadhaa baadaye. Mkiisoma hiyo mbele ya watu, neno "mvumilivu" halihitajiki tena.

Kama tarehe hazikuandikwa, tazameni vitabu vyenyewe. Muhuri wenye jina Tanganyika ulichongwa kabla ya nchi kuanza kuitwa Tanzania Oktoba 1964, ingawa mihuri ya zamani huweza kugongwa miaka mingi baadaye. Namba ya ISBN (ile ya kimataifa ya kutambulisha kitabu) yenye tarakimu 13 ilianza rasmi Januari 2007; kabla ya hapo zilikuwa 10. Tarakimu 13 ni alama ya "si kabla ya" tu. Kitabu cha msaada kinaweza kufika shuleni miaka 15 baada ya kuchapwa, kwa hiyo mwaka wa uchapishaji msiufanye mwaka wa kupokelewa.

Kwa watu mliobaki kuwauliza, achaneni na "alikuwa mtu wa namna gani?" Ulizeni: alikaa upande gani wa chumba? Mtu akichelewesha kitabu alifanyaje? Nani alishika ufunguo akiwa hayupo? Mlinzi na mpishi wa shule mara nyingi wanajua kuliko mwalimu wa taaluma.

Urefu: dakika 6 zinatosha. Msomaji asiyekimbia husoma kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo maneno 600. Ucheleweshaji mkubwa hutokana na orodha ya mafunzo na semina, fupisheni hapo. Ugomvi mkubwa hutokana na majina ya watoto na wajukuu. Mzee mmoja wa familia ayapitie yote kwa kalamu siku mbili kabla. Habari za ugonjwa ziandikwe kwa kiasi ambacho familia yenyewe imetaja. Kadi za waazimaji zikiwapo, zihesabuni, lakini msitaje hadharani nani alisoma nini. Mama mwenyewe asingekubali.

SWALI: Rejista ya marehemu mkutubi wetu tumeikuta kwenye tranka chini ya dirisha. Mvua ya Novemba imeingia na mchwa wamekula pembe. Inaokoleka? (Mwalimu, Ng'ambo)

JIBU: Inaokoleka, ila kwa mpangilio. Kama bado ni mbichi mna kama saa 48 kabla ukungu haujaanza. Msiianike juani: karatasi itajikunja na wino utapauka. Isimamisheni wima juu ya meza, kurasa zikiwa zimeachana kidogo kama feni, madirisha wazi pande zote mbili. Kila baada ya kurasa 10 hivi wekeni karatasi nyeupe ya kunyonya maji, na mbadilishe kila inapolowa. Magazeti yaliyochapwa hapana, wino wake huhamia kwenye daftari. Kurasa zilizogandana msizivute. Subirini zikauke kidogo, kisha mzitenganishe kwa kisu butu cha plastiki. Maandishi ya kalamu ya kawaida ya bik huvumilia maji kwa sababu wino wake ni wa mafuta. Ya kalamu ya wino wa chupa huyeyuka, hapo msiguse kabisa.

Udongo wa mchwa uacheni ukauke hadi uwe vumbi, ndipo muufagie kwa brashi laini ya rangi mkielekea nje ya ukurasa. Ukiufuta kwa kitambaa kibichi unatengeneza tope na unaliingiza ndani ya nyuzi za karatasi. Dawa ya mchwa ni ya msingi na ukuta, na ya mbu ni ya hewani. Zote mbili huacha madoa kwenye karatasi.

Ikishakauka, kabla ya kushona au kubandika chochote, pigeni picha kila ukurasa. Simu iwe sambamba na daftari, mwanga wa dirishani utoke ubavuni, flashi imezimwa.

Pale palipochanika msitumie selotepu. Gundi yake hugeuka kahawia, ikaacha doa, na plastiki ikabanduka yenyewe. Pikeni gundi ya wanga: kijiko 1 cha wanga wa muhogo au ngano kwa vijiko 5 vya maji, moto mdogo, mkikoroga bila kuacha kama dakika 5 hadi iwe nzito na kung'aa. Ikiwa na madonge, ichujeni. Pakeni kidogo sana juu ya ukanda wa karatasi nyembamba, bandikeni, funikeni kwa nailoni juu na chini, wekeni uzito usiku kucha. Gundi nyingi huukunja ukurasa, na wanga usiokauka vizuri huwaita mende. Gundi hiyo haikai zaidi ya siku 2 au 3. Ikianza kunuka, mwaga.

Tranka lirudi likiwa juu ya matofali, mbali na ukuta. Mchwa hupanda kwa njia zao za udongo. Kukiwa na nafasi utaziona mapema.

SWALI: Tumechanga kidogo. Wengine wanataka kibao cha marumaru chenye jina lake, wengine maktaba ibadilishwe jina. Ipi bora? (Kamati, Cheyo)

JIBU: Kubadili jina la jengo la shule ya umma hakuamuliwi na wachangiaji. Andikeni barua kwa mkuu wa shule, aipeleke kwenye bodi ya shule, na halmashauri ihusishwe. Kunaweza kuchukua muda mrefu, na hela ya mchango hailali vizuri.

Ushauri wetu ni rafu, tena ya mninga, maana Tabora ndiko kwenyewe. Sehemu ya ndani ya mninga, ile nyekundu-kahawia, mchwa hawaipendi. Ile nyeupe ya kando wanaila vizuri tu, na hapo ndipo mafundi wengi huwapunja wateja: mbao inapakwa vanishi nzito, weupe hauonekani. Zikagueni kabla ya vanishi.

Vipimo: ubao uwe na unene wa sentimita 2.5 na usivuke sentimita 90 kati ya nguzo na nguzo. Mita moja ya vitabu huweza kufika kilo 30 na zaidi. Rafu ya mita moja na nusu itapinda tumbo ndani ya mwaka. Kina sentimita 25, nafasi kati ya ubao na ubao sentimita 30, ubao wa chini kabisa uinuliwe sentimita 15 kutoka sakafuni. Iachwe sentimita 5 kutoka ukutani, na juu ifungwe kwa chuma cha pembe. Watoto hupanda rafu, hata waliokatazwa.

Kibao kidogo kinaweza kuwekwa hapo hapo, kwenye ubao wa juu. Kichongwe. Cha kuchapwa kwenye plastiki hupauka upesi kikipigwa na jua. Herufi za sentimita 2 zinasomeka vizuri kutoka mita 5. Jina liandikwe kama alivyolitia yeye sahihi, siyo kama lilivyoandikwa kwenye kadi ya mchango; "Mwanaidi" na "Mwanahidi" vimewahi kugombanisha kamati nzima.

Salio likibaki, nunueni vitabu, na ndani ya jalada la mbele mbandike karatasi ya sentimita 7 kwa 10 yenye jina lake na mwaka. Gundi ni ile ile ya wanga.

SWALI: Babu yetu alikuwa mkutubi wa shule, ana miaka zaidi ya 80 na yu hai. Tusingoje msiba. Tumrekodi vipi? (Wajukuu, Ujiji)

JIBU: Vizuri sana. Mje asubuhi, kabla hajachoka, na siku isiyo na mvua: mabati yakianza kupigwa hakuna mtakachosikia. Zimeni feni na redio ya jirani kama mnaelewana naye. Simu iwe kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isichukue mtetemo wa meza, sentimita 30 hadi 40 kutoka mdomoni. Anzeni kwa kutaja tarehe, mahali, jina lake na la anayeuliza, kisha msikilize sekunde 20 mlizorekodi kabla ya kuendelea.

Mwekeeni kitu mkononi: kadi, muhuri, kitabu chenye kimfuko. Mkono ukikumbuka, mdomo unafuata. Anzeni na "Ukifungua mlango asubuhi, ulikuwa unaanza na nini?" Akinyamaza, nyamazeni naye, hesabuni kumi kimoyomoyo. Wajukuu huharibu hapa kwa kumalizia sentensi za babu. Dakika 40 zinatosha kwa siku. Hifadhini nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, jina la faili likianza na mwaka, mwezi, siku.

SWALI: Mwalimu mpya anataka kupanga vitabu upya kwa mfumo wa Dewey, ule wa kupanga kwa namba za mada. Marehemu alipanga kwa utepe wa rangi. Tunaona kama anamfuta. (Msomaji, Kiloleni)

JIBU: Mwacheni apange. Rangi sita zinatosha kwa vitabu mia tano, haziwezi elfu nne, na huenda mama mwenyewe alikuwa ameshaanza kuhangaika. Ila utepe usibanduliwe. Namba mpya iwekwe chini yake, sentimita 3 kutoka ukingo wa chini wa mgongo wa kitabu. Kwa shule, tarakimu tatu zinatosha sehemu nyingi: 500 sayansi, 600 ufundi na kilimo. Zinazohitaji kuongezwa ni mbili tu, historia ya Tanzania 967.8 na fasihi ya Kiswahili 896.392, la sivyo nusu ya rafu itakuwa na namba moja.

Kosa la kawaida ni kubandika namba mpya kabla ya kuiandika kwenye rejista. Afanye rafu moja moja, wakati wa likizo, na kila namba mpya iandikwe kwanza kwenye mstari ule ule alioujaza mama, kwa penseli.