Ukienda kwenye maonyesho ya sauti Ulaya, beba santuri yako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia. "Shikamoo fundi. Nimeona maonyesho ya HIGH END, yale ya vyombo vya sauti, yamehama Munich, Ujerumani, mwaka 2026 yako Vienna, Austria, Juni 4 hadi 7. Wewe ulishafika. Nina pikipiki yangu, niiuze niende?"

Nilimjibu "Marahaba, nipe siku mbili," na siku mbili zimekuwa saba. Si kwamba sikuwa na la kusema. Swali lake limenigusa mahali ambapo bado panauma, maana mimi mwenyewe nilikwenda kwa namna hiyohiyo. Sikuuza pikipiki, niliuza amplifaya mbili za zamani nilizozifufua kwa mikono yangu, nikachukua zamu yangu ya upatu kabla ya wakati, na mama watoto akaongezea hela aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya bati. Nyumba yetu ilichelewa kupauliwa kwa miezi minane. Najua wengi mnaosoma hapa mna kiu ileile: mmefungua redio za baba zenu kwa bisibisi ya cherehani mkiwa na miaka kumi, mkapigwa, mkafungua tena. Basi naandika kwa ajili yenu wote.

Nilikwenda Mei 2025. Yalikuwa maonyesho ya mwisho kufanyika Munich. Yalianzia Düsseldorf mwaka 1982, yakakaa upande wa Frankfurt, na kuanzia 2004 yakawa yanafanyika kwenye kituo cha MOC, kaskazini ya mji wa Munich, unashuka treni ya U6 kituo cha Kieferngarten halafu unatembea. Mtu wa sauti akisema tu "Munich", wenzake wanajua anamaanisha nini. Kwa miaka mingi niliyatazama kwenye simu pale kibandani kwangu Kariakoo, pua imejaa moshi wa lehemu, nikijiambia ipo siku.

Habari za viza sitazirefusha. Ada ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90, bima ya safari isipungue euro 30,000, maombi unaruhusiwa kupeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Peleka mapema. Anayengoja Mei ndiyo aanze kutafuta miadi, huyo atayaangalia maonyesho kwenye simu.

Sasa nije kwenye kosa langu, kwa sababu ndilo lililonigharimu kuliko tiketi ya ndege.

Nilikwenda nikitaka uwakala. Ndoto yangu ilikuwa nirudi Dar es Salaam na karatasi inayosema kwamba kampuni fulani ya spika au amplifaya imenipa mimi Tanzania. Nilikuwa na suti, nilikuwa na kadi za jina mia mbili nilizochapisha mtaa wa pili kutoka kwangu. Lakini nilikata tiketi ya Jumamosi, kwa sababu nilifikiri siku ya wikendi ndiyo yenye watu wengi, na penye wengi ndipo penye biashara. Kumbe Alhamisi ndiyo siku yao ya biashara. Wenye maamuzi wanakutana siku za mwanzo, kwa miadi waliyowekeana wiki nyingi nyuma. Jumamosi wanaingia wapenzi wa muziki, na kwenye vyumba ambamo kila kampuni inapigisha vyombo vyake unawakuta vijana wa kubadilisha nyimbo na kugawa vipeperushi.

Kwenye chumba cha kampuni moja kubwa nilikaa kiti cha mbele. Tulikuwa watu kama ishirini. Msimamizi akaja moja kwa moja kwangu, akaniomba nimwonyeshe kitambulisho cha kuingilia. Nikamwonyesha. Akakigeuza nyuma, akakirudisha, akaniuliza, "Uko hapa na nani?" Wale wengine kumi na tisa hakuwauliza. Mweusi nilikuwa peke yangu mle ndani. Nikamwambia niko peke yangu, ni fundi na mfanyabiashara kutoka Tanzania, nataka kuzungumza juu ya uwakala. Akasema Afrika wana mtu wao tayari, yuko Afrika Kusini, akanipa katalogi, akaangalia mlango. Kutoka Cape Town hadi Dar es Salaam ni mbali kuliko kutoka Munich hadi Cairo, lakini kwake Afrika yote ilikuwa na mlango mmoja na ulishafungwa.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Nilikaa kama nusu saa. Nawaambia haya bila aibu, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, machozi yalinilenga. Nilikuwa nawaza bati.

Ila nilikuwa na kitu kimoja kwenye begi. Nilikuwa na santuri ya baba.

Ni santuri ndogo ya inchi 7, taarabu ya Unguja, imeandikwa jina la baba kwa kalamu ya wino kwenye lebo, herufi zimekaa za mviringo kama walivyofundishwa shule zamani zile. Iko kwenye kimfuko cha turubai alichokishona mwenyewe, ndani ametia pamba, na ina zipu. Niliibeba kwa sababu wazee wa fani wanasema huwezi kupima chombo kwa muziki usioujua. Pale karibu kila chumba wanapiga muziki uleule: mwanamke wa sauti nzito na piano, gitaa la kudonoa nyuzi mbili tatu, ngoma moja kubwa ya kukushtua. Muziki uliochaguliwa ili spika isikosee. Hata kibovu kinapendeza kwa muziki wa hivyo. Ukitoka chumba cha kumi hujui tena kipi ni kipi.

Vyumba viwili vilinikatalia kupiga santuri yangu. Cha tatu, ghorofa ya juu, kilikuwa cha mzee mmoja wa Kijerumani mwenye nywele nyeupe, kampuni ndogo, yeye na mkewe tu. Alikuwa na amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, wati chache kabisa, na spika za honi, ndugu wa zile za msikitini ila zimechongwa kwa mti na mdomo wake ungemmeza mtoto. Nilimwonyesha ile santuri. Aliishika kwa viganja pembeni, hakuigusa uso. Akaiangalia mwangani, akaisafisha kwa brashi polepole huku inazunguka. Kisha akafanya jambo lililonifanya nimpende: mashine ilikuwa kwenye mizunguko 33 kwa dakika, santuri yangu inataka 45, na haikuwa na kitufe cha kubadilisha. Akaizima, akainua sahani yote kwa mikono miwili, akauhamisha mkanda kwa kidole kutoka kigurudumu kidogo kwenda kikubwa, akairudisha sahani, akasubiri itulie kwenye 45. Watu wanangoja. Hakuwa na haraka.

Sindano ikashuka. Kwanza mikwaruzo, kama mafuta ya moto yakidondokewa na tone la maji. Halafu kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikaingia.

Santuri ile nimeisikia tangu sijaenda shule. Nimeisikia kwenye gramafoni ya baba, nimeisikia kwenye redio kaseti alipoinakili, nimeisikia kwenye spika zangu mwenyewe nilizoziunda. Sijawahi kusikia kwamba mpiga udi anaguna. Anaguna, ndugu zangu! Kila akimaliza fungu anatoa sauti ndogo kooni, ya mtu aliyeridhika. Mwimbaji kabla ya kuanza beti anavuta pumzi, na kwa nyuma mtu mmoja anasogeza kiti. Dumbaki ilikuwa na ngozi, nilisikia ngozi, si "dum" tu. Watu waliokuwa wanapita koridoni walisimama mlangoni. Ilipokwisha palikuwa kimya, kisha yule mama, mke wa mzee, akauliza kama inaweza kurudiwa.

Ikapigwa mara nne. Mara ya nne chumba kilijaa hadi nje, na mimi ndiye nilikuwa naeleza: hii ni taarabu, hii ala yenye nyuzi nyingi ni kanuni, Unguja wamekuwa na kikundi cha taarabu tangu 1905, na mwimbaji Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay, India, mwaka 1928 kurekodi kwenye santuri, wakati ambapo wengi walidhani mwanamke wa Kiswahili hana la kurekodiwa. Hakuna aliyeniuliza niko na nani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: beba muziki wako. Beba ule unaoujua hadi pumzi. Kama huna santuri, weka faili safi kwenye kidude cha kumbukumbu, si nyimbo ulizopakua zikiwa zimebanwa hadi zimekauka. Wakikukatalia chumba kimoja, nenda kingine. Omba kwa adabu, sema ni dakika tatu.

Ushauri wa pili unatokana na yale niliyojifunza saa zilizobaki, nilipoacha kutafuta uwakala nikaanza kusikiliza kama fundi. Chumba kinalia kabla ya spika. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo besi ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita nane na nusu. Vyumba vingi vya pale juu ni vidogo kuliko wimbi hilo, na vina vioo. Besi inajikusanya kwenye kona inavuma, na mtu anatoka akisema spika zile ni mbaya kumbe zimebanwa. Nilipita vyumba vyenye spika za bei ya nyumba Mbezi zinalia kama debe, na nilipita kibanda chenye spika ndogo za kukaa mezani zilizopangwa vizuri, nikasimama pale. Usikae pembeni ukahukumu. Ngoja kiti cha katikati. Rudi asubuhi mlango unapofunguliwa, kabla watu hawajajaa, maana miili ya watu nayo inanyonya sauti.

Elimu hiyo ndiyo iliyorudisha hela ya bati. Nimerudi, mteja mmoja wa Upanga ana spika nzuri kuliko zote nilizowahi kuzigusa hapa mjini, kwa mwaka mzima analalamika besi inamuumiza kichwa. Mafundi watatu walishamwambia anunue amplifaya nyingine. Mimi nilikwenda na tepu ya kupimia. Nilizitoa spika kwenye kona, nikazisogeza mbele sentimita themanini, nikatandika zulia, nikaning'iniza pazia nzito kwenye dirisha lile kubwa. Sikufungua hata skrubu moja. Alinyamaza wimbo mzima, halafu akampigia simu kaka yake. Tangu siku hiyo natafutwa kupanga vyumba vya watu, kumbi mbili na kanisa moja, na kazi hiyo hailipi kodi ya forodha wala haikai bandarini.

Vijana, naomba mnisikilize hapa. Tusiwe watu wa kwenda kupiga picha mbele ya spika za watu. Nimewaona wenzetu wachache Jumamosi ile, simu juu, chumba hadi chumba, hawakai hata wimbo mmoja. Umetoka Kampala, umetoka Nairobi, umekopa, halafu unarudi na picha? Keti. Fumba macho. Uliza swali la kifundi, na ukiulizwa unatoka wapi taja nchi yako kwa sauti inayosikika hadi nyuma. Dharau ipo, nimeionja, na sikuambii uizoee. Nakwambia usiiache ikukalishe kwenye ngazi nusu saa kama ilivyonikalisha mimi, kwa sababu nusu saa ile ilikuwa vyumba sita.

Na kama unataka biashara, andika barua pepe miezi mitatu kabla, omba miadi ya siku za mwanzo, nenda na hesabu zako: soko lako ni nani, utauza ngapi, nani atatengeneza kikiharibika. Chagua kampuni ndogo. Mzee wa honi nami tunaandikiana mpaka leo. Bado hajanipa uwakala, na vitu vyake kwa soko letu ni ghali, lakini amenitumia michoro ya transfoma ya kutolea sauti na sasa nasuka ya kwangu. Ya kwanza iliungua. Ya pili inalia hivi ninavyoandika.

Sasa wewe wa Mwanza. Pikipiki usiuze, ndiyo inayokulisha. Cheza upatu, uza kile ulichokitengeneza, na kama mwaka huu haijatimia, yapo kila mwaka. Ila kama una baba, babu au jirani mwenye santuri za zamani, anza kuzisikiliza leo ili ujue pa kutega sikio ukifika. Ukishapata miadi ya ubalozi niandikie, nitakuazima ule mfuko wa baba. Santuri ya inchi 7 inaingia vizuri, pamba bado ni nene, na zipu yake inafunga.