Programu yangu ingezishinda zote

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: ni ndoto gani uliyoilea kwa muda mrefu bila kumwambia mtu? Yangu ilikuwa kuandika programu ya sataranji itakayozishinda zote duniani.

Si kwamba mimi ni hodari wa mchezo huo. Utamu wake ulikuwa hapo hapo: mchezaji wa kawaida kabisa anaunda kitu cha kuwanyoosha mabingwa. Tena nilikuwa na ushahidi. Kompyuta ya Deep Blue iliyomshinda bingwa wa dunia, Kasparov, mwaka 1997 ilitoka kampuni kubwa na ilipima mikao milioni 200 kwa sekunde. Lakini mwaka 2005 programu iitwayo Fruit, kazi ya Mfaransa Fabien Letouzey, ilishika nafasi ya pili katika ubingwa wa dunia wa kompyuta kule Reykjavik. Mtu mmoja! Nikajiambia, kumbe inawezekana.

Siri yangu (nilidhani ni yangu peke yangu) ilikuwa kuifundisha programu kubagua: isipoteze muda kwa hatua za kipuuzi. Baadaye nikagundua kwamba mwanahisabati Claude Shannon alikwisha kuliandika wazo hilo mwaka 1950.

Kabla ya kubagua, hata hivyo, ilibidi izijue sheria. Kuna mtihani wake: unaiamuru ihesabu njia zote za kucheza tangu mwanzo. Hatua ya kwanza zipo 20, ya pili 400, ya tatu 8,902, ya nne 197,281, ya tano 4,865,609. Yangu ilipatia mpaka ya nne. Ya tano ikanipa 4,865,351. Zimepungua 258. Nilizitafuta kwa wiki mbili, nikilaumu ngome, nikilaumu farasi, hadi nilipong'amua kuwa nimeisahau ile sheria ya askari kumla mwenzake aliyeruka miraba miwili kana kwamba karuka mmoja tu. Nafasi ya kuitumia hujitokeza kwa mara ya kwanza kwenye hatua ya tano, na ni mara 258 kamili. Usiku ule namba zilipolingana nilifurahi kuliko siku nyingi za maisha yangu, na programu ilikuwa bado haijui kucheza.

Ilipoanza kucheza ikaniaibisha. Malkia wake alikuwa akila askari anayelindwa, kisha analiwa. Kumbe ilikuwa inakoma kufikiri pale pale alipokula, ikahesabu faida ya askari mmoja na kuridhika, kama mtu aliyefumba macho kabla ya kupewa bili. Dawa ni kuilazimisha iendelee kutazama mpaka ulaji wote uishe.

Kilichoiua ndoto ni hesabu za kupima. Ukiongeza ujanja mdogo, michezo mia moja haikuambii kama umeboresha au umebahatika, yatakiwa maelfu. Stockfish, programu ya sataranji ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, tangu 2013 hujaribiwa kwa kompyuta zinazotolewa na watu wa kujitolea, na mawazo mengi mazuri hutupwa kwa sababu hayakuongeza kitu. Mwaka 2017 ikaja programu ya AlphaZero, iliyojifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe, ikitumia vichakataji maalumu 5,000. Mimi nina kompyuta moja, na feni yake inalia.

Nimewahi kuikutanisha yangu na Stockfish. Matokeo sitayaandika hapa. Mimi mwenyewe, lakini, programu yangu hunifunga kila siku, na sijui nijivune au nione haya.

Juzi nimebadilisha namna inavyothamini farasi aliyekaa pembeni mwa ubao. Nimeiweka icheze na toleo lake la zamani michezo 2,000. Ninapowaandikia imefika wa 614, na toleo jipya linaongoza kidogo.