Kabla hujavaa beji nyeusi, kaa na mama yako

Mama yangu, Mwanglikana, alipata habari za ubatizo wangu katika kanisa jingine kwa binamu yangu. Nilikuwa na miaka 21, najifunza ufundi umeme Dar es Salaam, na kwa miezi minne nilikuwa nakaa na wamisionari nikijifunza. Nilijiambia nitamweleza mwenyewe nikienda Tanga Krismasi. Habari zikanitangulia. Nilipoingia uani kwetu Chumbageni, nilimkuta yuko kwenye mbuzi anakuna nazi. Shikamoo yangu aliiitikia bila kuinua uso, kisha akaniuliza, "Ule ubatizo wa kwanza ulikuwa na kasoro gani?"

Sikuwa na la kumjibu. Mistari ya maandiko nilikuwa nayo mingi, lakini mama hakuuliza mstari.

Naandika haya kwa sababu mwezi huu vijana wawili wamenitafuta. Wote ni waumini wapya wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo wengi wanaliita la Wamormoni kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni, na wote wanataka kwenda misheni. Wanauliza itawabadilisha vipi. Nitasema yaliyonipata mimi, maana nayajua.

Kwanza, kama hujabatizwa bado, usifanye siri nyumbani. Kanisa lenyewe halimbatizi mtoto mdogo bila ridhaa ya wazazi, na mtu mwenye ndoa anahitaji ridhaa ya mwenzi wake. Mtu mzima kama nilivyokuwa mimi hadaiwi ruhusa na yeyote. Ndiyo maana nilijipa uhuru wa kunyamaza, na ule unyamavu ndio uliomuumiza mama kuliko ubatizo wenyewe. Nenda ukae naye. Atalia, pengine atafoka. Kaa.

Halafu uliza maswali magumu ukiwa bado nje. Mimi niliuliza kuhusu ukuhani, mamlaka ambayo kanisa letu huwapa waumini wanaume, kwamba hadi Juni 1978 wanaume weusi walikuwa hawapewi. Nilitaka kujua kwa nini, na jibu nililopewa halikunitosha siku ile. Nilisali juu yake kwa wiki nyingi kabla sijaingia majini. Najua walioambiwa jambo hilo na jirani baada ya kubatizwa, wakaona wamedanganywa. Kama unamfundisha mtu, mwambie wewe mwenyewe.

Sasa misheni. Nilivaa beji nyeusi ya jina, ile ya wamisionari, nikatumwa Uganda. Vijana wa kiume wanatumikia miezi 24, wa kike 18, na hakuna mshahara. Unachanga akiba yako, familia inachanga inavyoweza, kanisa linasaidia panapopungua. Saa 12:30 asubuhi umeshaamka. Kwa Kiswahili cha kanisa mmisionari wa kiume anaitwa Mzee, na kijana wa miaka 22 anayeitwa hivyo na mtu wa rika la babu yake inabidi awahi kusema shikamoo.

Jambo lililonibadilisha ni mwenzi wa kazi. Mmisionari hatembei peke yake. Mnakula pamoja, mnalala chumba kimoja, na hukumchagua. Kila wiki mnaketi kuangalia kazi ilivyokwenda, na kila mmoja anaruhusiwa kumwambia mwenzake ukweli. Wa kwangu wa pili alitoka Zimbabwe, kijana mpole sana. Jioni moja tukiwa Jinja, mvua inapiga bati mpaka hatusikiani vizuri, alisogeza kiti chake karibu na changu akaniambia: "Jana yule mama alipokuwa anasimulia mumewe alivyofariki, wewe ulikuwa umeshafungua ukurasa."

Ilikuwa kweli. Kidole changu kilikuwa kimeshakaa kwenye mstari niliotaka kumsomea, nangoja tu anyamaze. Sikulala vizuri usiku ule, kwa sababu nilimwona mama yangu pale uani na nazi yake. Nilikuwa nimemfanyia vilevile.

Kesho yake tulirudi kwa yule mama. Kitabu nilikiacha ndani ya begi. Tulimsaidia kupalilia mihogo yake, akaongea karibu saa mbili, nami sikumkatiza. Hakubatizwa. Lakini kila tulipopita alituita tukae, na mimi mpaka leo nahesabu uongofu wangu kuanzia kwenye shamba lile.

Kurudi nyumbani kulikuwa kugumu kuliko kwenda, na hapa ndipo wengi tunapoanguka. Miaka miwili wenzako wamefungua duka, wamenunua pikipiki, wameoa. Wewe umerudi na suti iliyopauka. Usikae ukingoja watu wakuheshimu kwa ajili ya misheni. Mimi wiki ya pili tu nilikuwa juu ya dari ya mtu Mikanjuni nafunga waya, na ile nidhamu ya kupanga siku yangu jioni kabla ya kulala ndiyo iliyonipatia wateja. Zaka ninatoa katika kila ninachopata, fungu la kumi, hata mwezi ukiwa mgumu.

Kisha kuna kahawa. Sisi tuna Neno la Hekima, agizo la tangu 1833: pombe hatunywi, tumbaku hatugusi, kahawa na chai ya majani hatunywi. Sasa wewe mtu wa Tanga jaribu kuliishi hilo. Jioni yangu ya kwanza mjomba alinichukua kwenye baraza lake Ngamiani. Muuza kahawa akaja na birika lake na jiko lake dogo la makaa, anagonganisha vikombe, mjomba akasema, "Mpe mwanangu, karudi safari." Nikakataa, nikaanza kueleza. Nilieleza ufunuo, nikaeleza mwaka, nikaeleza mpaka wazee wakanyamaza. Mjomba akakinywa kile kikombe yeye mwenyewe, na hakunialika tena kwa miezi miwili.

Nilirudi mwenyewe. Nilikaa, nikalipia kahawa ya wazee wote, nikamwambia mjomba, "Mimi naomba kashata tu, mjomba." Akacheka akanipa mbili. Leo ndiye anayemwambia muuza kahawa asinimiminie. Hakuna alichobadili katika dini yake, na sikumwomba abadili. Fuata agizo lako, lakini usilitumie kuwapiga watu waliokulea.

Kwa mama ilichukua muda zaidi. Kwetu ni Wabondei, na ukoo wake ni Waanglikana tangu enzi za wamisionari wa Kiingereza waliofika Magila, Muheza, karne ya 19. Nilipojifunza kunyamaza ndipo bibi, mama yake mama, akafunguka siku moja tukiwa tunachambua mchicha. Akasema babu yake alipoenda kubatizwa Magila, baba yake alikataa kula naye chungu kimoja mpaka mavuno mawili yakapita. Mama alikuwa anasikiliza. Hakuwahi kuisikia habari hiyo, na hakusema kitu, ila jioni ile alinipakulia wali kwanza.

Sisi tunaamini mtu anaweza kubatizwa hekaluni, ambalo si jengo letu la ibada ya kila Jumapili, kwa niaba ya jamaa yake aliyekwisha kufa, na huyo aliyekufa ana hiari ya kuupokea ubatizo huo au kuukataa. Zamani sisi wa huku hekalu letu lilikuwa Johannesburg. Mei 2025 liliwekwa wakfu la Nairobi, kwa hiyo sasa ni basi kupitia Horohoro na Mombasa. Kwa aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita unatakiwa kwanza kupata ruhusa ya ndugu yake wa karibu aliye hai. Mimi nimeamua kuomba hata kwa wale wa zamani zaidi, kwa sababu majina si yangu peke yangu.

Nilimpelekea bibi daftari. Amenitajia majina kumi na moja, kila moja na habari zake, na lingine na wimbo wake. Nilipomweleza ninataka kuyafanyia nini, alikaa kimya, kisha akasema, "Babu yangu alishalipa gharama ya ubatizo wake. Wengine nitakwambia." Jina la babu yake nimelizungushia duara, na hilo haliendi popote. Kumi yaliyobaki yamo kwenye daftari, juu ya kabati la bibi, na Jumapili jioni huwa ninapita kumsalimu.