Dakti za AC: tani 5 haziponyi chumba cha mwisho

SWALI: Fundi habari. Najenga nyumba ya vyumba vinne vya kulala, nataka mfumo mmoja wa kupoza na kupasha joto. Fundi wa kwanza anataka dakti (mabomba ya kupitishia hewa) za shina na matawi, yaani bomba moja kubwa linalogawa madogo. Wa pili anasema buibui, yaani kila chumba na bomba lake kutoka kwenye mashine, ni haraka zaidi, halafu nichukue mashine ya tani 5 (nguvu ya kupoza, sio uzito) badala ya 3 ili vyumba vya mwisho visikose hewa. Nimfuate nani?

JIBU: Salama. Huyo wa pili ndo amenitia hasira, na wala sio kwa sababu ya buibui, buibui haina ubaya, ni hizo tani 5.

Kila mara naitwa kwa mtu ambaye chumba cha mwisho hakipoi, kashabadilisha mashine kaweka kubwa na bado hakipoi. Hewa haiendi kwa ubabe jamani! Tani 1 inataka kama lita 190 za hewa kwa sekunde, kwa hiyo tani 3 ni 570 na tani 5 ni 950, na mabomba darini ni yaleyale, sasa hiyo ya ziada itapita wapi? Haipiti. Matundu yanapiga kelele, koili (mabomba ya baridi ndani ya mashine) inakosa hewa inaganda barafu, na msimu wa baridi ukiwasha tanuru, yaani upande wa kupasha joto, linajizima lenyewe kwa kuzidiwa na joto. Na hata dakti zikiwa safi, mashine iliyozidi inapoza sebule dakika chache inazima kabla haijakausha unyevu, unabaki na nyumba ya baridi lakini inanata.

Mtindo wenyewe ni rahisi. Mashine ikikaa katikati na nyumba haijatawanyika, buibui inatosha. Nyumba ndefu, au mashine iko pembeni, piga shina, na shina liwe linapungua unene kadiri linavyogawa matawi. Ila vipimo vya kila bomba vitoke kwenye hesabu ya joto chumba kwa chumba, madirisha yanaangalia wapi, dari ina insulesheni (kizuia joto) au haina, maana bomba la inchi 8 linapitisha karibu mara mbili ya la inchi 6, na wapo mafundi wanaoweka inchi 6 nyumba nzima kwa sababu ndo rola waliyokuwa nayo kwenye gari.

Halafu kuna kitu ambacho naona hakuna aliyekutajia kati yao, njia ya hewa kurudi. Chumba ukikipulizia hewa mlango umefungwa na hakuna pa kutokea, kinajaa presha na hewa mpya inagoma kuingia. Kaupenyo chini ya mlango mara nyingi hakatoshi. Kila chumba cha kulala kiwe na dakti yake ya kurudishia, au angalau tundu la kupitisha hewa kwenda koridoni. Nusu ya "mashine ndogo" ninazoitiwa ugonjwa wake ni huu, na dawa yake ni tundu ukutani, sio mashine mpya.

Wengine wanakwambia ufunge matundu ya vyumba visivyotumika eti unaokoa umeme. Acha. Unapandisha presha tu na hewa inatorokea kwenye maungio, hasa yakiwa yamezibwa kwa ile tepu ya kitambaa ambayo gundi yake inakauka na joto, mwaka 1998 maabara ya Lawrence Berkeley kule Marekani waliijaribu kwenye dakti ikafeli vibaya. Maungio yazibwe kwa mastiki, ule uji mzito wa kuzibia. Na yale mabomba laini ya kukunja yavutwe yanyooke, yashikiliwe kila mita moja na nusu au chini ya hapo, sio yalale darini kama nyoka aliyeshiba.

Kwa hiyo muombe kila fundi hiyo hesabu kwa maandishi. Atakayekupa tani kwa kuangalia ukubwa wa nyumba kwa macho muache aende zake, hata kama buibui yake ni nzuri. Utakayembakiza, asifunge dari mpaka apime hewa kwenye kila tundu wewe ukiwepo, milango yote ya vyumba ikiwa imefungwa.