Mwaka 1944 zaidi ya Normandy

Ndugu, umeuliza kama mwaka 1944 una la kukumbukwa mbali na Normandy, Juni 6, siku majeshi ya Washirika yalipotua pwani hiyo ya Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Lipo, tena linatugusa sisi wa Afrika Mashariki.

Februari 12, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa torpido na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu wapatao 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki na wauguzi wengi. Inaniuma sana kuona vijana wetu hao hawatajwi mwaka huo unapozungumzwa. Wenzao wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana na Wajapani Burma (Myanmar ya leo) hadi wakaingia mji wa Kalewa mwezi Desemba.

Kenya nako, Oktoba, Eliud Mathu akawa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria.

Waliozaliwa: bondia Joe Frazier, Januari 12, na Mary Robinson, aliyekuja kuwa rais wa Ayalandi. Waliofariki: mwandishi Antoine de Saint-Exupéry, aliyepotea na ndege yake Julai 31, na Field Marshal Rommel, kamanda wa Ujerumani aliyelazimishwa na utawala wa Hitler kunywa sumu Oktoba 14.