Kabla Hujanunua Bomba: Kwa Mnaoanza na Pikipiki za Motokrosi

Mashindano ya Garuga au Busiika hapa Uganda yakikaribia, vijana wenye pikipiki za mipigo miwili huniletea swali moja: fundi, ninunue bomba la ekzosi la kampuni gani? Mdogo wangu, bomba tutalifikia. Kwanza nataka kujua kama injini yako inashika upepo au inavuja.

Injini ya mipigo miwili si kama ya bodaboda. Oili yake huchanganywa na petroli, na mchanganyiko huo hupita kwanza chini ya pistoni, ndani ya nyumba ya kranki, ndipo usukumwe juu kwenye silinda. Hewa ikipenya popote, iwe kwenye gasketi ya silinda, mpira wa kabureta au sili ya kranki, petroli inakuwa kidogo kwa hewa iliyopo, na oili inapungua pamoja nayo. Joto linapanda wakati ulainisho unashuka. Funga bomba la mbio juu ya injini ya namna hiyo, uone itakavyonoki mapema.

Kipimo chenyewe hakihitaji mitambo. Ziba tundu la ekzosi na mdomo wa kuingizia hewa kwa vizibo vya mpira, kisha jaza upepo hadi psi 6 kwa pampu ndogo ya mkono yenye geji. Usizidishe, maana sili zinaweza kung'oka. Mshale ukishuka zaidi ya psi 1 kwa dakika, paka maji ya sabuni kwenye maungio yote, pole pole, hadi uone mapovu. Usisahau sili iliyo nyuma ya magneto. Hiyo ndiyo wengi huiruka kwa sababu ya uvivu wa kufungua kifuniko. Sili ya upande wa klachi huwezi kuiona kwa sabuni. Yenyewe hujulikana kwa moshi mweupe usiokwisha, na oili ya gia inayopungua bila tone kuanguka chini.

Injini ikishika upepo, nenda kwenye kabureta. Hapa ndipo nataka mkae zaidi, kwa sababu nchi yetu ina mabonde na milima, na video za Wazungu hazikufundishi hilo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, Kampala karibu mita 1,200. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 11. Jeti (kitundu cha kabureta kinachopimia petroli) inayofaa pwani, huku kwetu inamwaga petroli nyingi mno: injini inakohoa, plagi inalowa, pikipiki inavuta kwa uzito. Ndiyo maana tunashusha namba ya jeti kubwa, na Fort Portal, kwenye mita karibu 1,500, huenda ukaishusha tena.

Hatari zaidi iko kwa anayeshuka. Pikipiki iliyosetiwa Fort Portal ukiipeleka ukingoni mwa Ziwa Albert, karibu mita 620, hewa inakuwa nzito na petroli haitoshi. Injini itakupa raha, itakuwa nyepesi na yenye makali, na pistoni itaungua katikati ya raha hiyo. Ukishuka bondeni, pandisha namba ya jeti kabla ya kuwasha.

Jeti ndogo hutawala mkono wa mafuta ukifunguliwa hadi robo, sindano ya kabureta hutawala katikati, jeti kubwa hutawala mkono ukiwa umefunguka wote. Anza upande wa petroli nyingi, punguza hatua moja moja. Kisha vuta mafuta yote kwenye gia ya juu, shika klachi na uzime injini papo hapo, ufungue plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeupe inamaanisha ukame. Usiendeshe hata mzunguko mmoja zaidi. Na usiongeze oili kwa kuihurumia injini. Kwa uwiano wa 32:1, lita 5 za petroli huchukua mililita 156 za oili. Ukizidisha, petroli inayopita kwenye jeti inapungua, na injini inakauka zaidi.

Sasa bomba. Lile tumbo lake nene lina kazi. Moshi ukitoka kwa kishindo, wimbi hukimbia bombani. Sehemu inayopanuka hurudisha mvuto unaosaidia kusafisha silinda, na sehemu inayobana hurudisha msukumo unaorejesha mchanganyiko mbichi uliotaka kutoroka kabla pistoni haijafunga tundu. Mjerumani Walter Kaaden wa MZ, kiwanda cha pikipiki cha Ujerumani Mashariki, aliikuza elimu hii miaka ya 1950, na mwaka 1961 mwendeshaji wake Ernst Degner akaipeleka Suzuki. Ni hesabu ya urefu, joto na muda. Bomba refu huleta nguvu chini, fupi huleta nguvu juu. Anayeanza anunue la nguvu za chini na katikati, kwa sababu Garuga ina kona na miruko, na bomba la nguvu za juu litakuchosha mikono kabla ya mzunguko wa tatu.

Mafundi wa Katwe, hapo Kampala, nawaheshimu sana, wana mikono ya kuchomelea. Lakini usiwape picha ukasema tengeneza kama hili. Wapelekee bomba lenyewe wapime kila koni na, zaidi ya yote, kipenyo cha ndani cha mkia unaoingia kwenye silensa. Mkia ukiwa mwembamba mno, joto hubaki kwenye injini na pistoni hulipa.

Kwa pesa kidogo, badilisha sproketi ya nyuma iongezeke meno mawili; utasikia tofauti siku hiyo hiyo kwenye kona. Ridi (vibamba vyembamba kwenye mlango wa kuingizia mchanganyiko) zilizopasuka ncha badilisha, hata ufa mdogo. Vali ya ekzosi ifunguliwe na kukwanguliwa kaboni, maana ikikwama wazi nguvu ya chini hupotea na mtu hudhani ni bomba. Kuchonga matundu ya silinda kwa grainda acha kabisa kwa sasa: chuma kilichoondolewa hakirudi.

Bomba jipya likishafungwa, rudi kwenye plagi upime jeti upya, hata kama muuzaji amesema halihitaji. Na pamba ya silensa ikilowa oili, itoe uweke nyingine.